Namba ya Motokaa na Namba ya Mpagazi

Shikeni vitabu vyenu. Asiyezoea bado kusoma na afuate kwa kidole, mstari kwa mstari. Si jambo la kuonea haya.

Leo tutazungumza juu ya heshima anayopewa mtu aliyetumika jeshini. Swali letu ni moja: heshima hiyo yahitaji nini ili imfikie mwenyewe?

Twende kwanza mbali, nchi ya Marekani. Huko, kama kwetu, kila motokaa ina kibao cha namba, na mwenye motokaa hulipa ada ili akipate. Katika majimbo mengi askari wa zamani aweza kuomba kibao cha pekee chenye alama ya utumishi wake. Tena katika baadhi ya majimbo, askari aliyepata ulemavu katika utumishi husamehewa ada. Ada hiyo si fedha nyingi. Lakini anayepita njiani hukiona kibao, akajua kuwa mtu huyu alitumika.

Je, karani ajuaje kwamba anayeomba alikuwa askari kweli? Hatazami makovu, wala hasikilizi hadithi za vita. Ataka karatasi. Askari wa Marekani anapoacha kazi hupewa hati iitwayo DD 214. Ndani yake mna jina lake, tarehe aliyoingia jeshini, na tarehe aliyotoka. Basi kibao chatoka kwenye hati.

Sasa turudi nchini kwetu, Tabora. Kabla ya reli, Tabora ilikuwa kituo kikubwa katika njia ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Hapakuwa na motokaa. Gari lilikuwa bega na kichwa cha mpagazi, na Wanyamwezi walisifiwa kila mahali kwa kazi hiyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ungedhani sasa mabega yatapumzika. Lakini mwaka huo huo Vita Kuu ilianza. Majeshi yalipita mahali pasipo reli wala barabara, na watu wakarudishwa chini ya mizigo.

Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo liliingia Tabora. Wajerumani wakarudi nyuma, lakini vita haikwisha. Mkuu wao, von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini Novemba 1918 huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika Zambia. Askari wake Waafrika na wapagazi waliletwa Tabora, wakawekwa kambini. Walikuwa wakidai mishahara ya muda mrefu, na fedha hazikuwapo. Badala ya fedha walipewa hati za kuonyesha deni.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wale waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza, wakafika wazee kama 350. Wachache tu walikuwa na hati zao. Wengine walileta vipande vya nguo zao za kijeshi. Basi mlipaji akampa kila mzee ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani aushike kama bunduki na kufanya gwaride. Wote wakaweza.

Twaweza kucheka, lakini tufikiri. Mtu mzima, mwenye wajukuu, ashikishwa ufagio mbele ya watu ili aaminiwe! Mwenye hati hakuhitaji ufagio. Na mpagazi je? Yeye hakufundishwa gwaride. Mikono yake ilijua kamba na mzigo. Angeonyesha nini?

Upande wa Waingereza, wapagazi waliandikwa katika Carrier Corps, jina ambalo vinywa vyetu vililigeuza kuwa Kariakoo. Mpagazi alipewa namba, nayo ikapigwa juu ya kibati. Kwa hiyo naye alikuwa na kibao cha namba, kama motokaa! Lakini kibao cha yule Mmarekani chamtambulisha mtu. Kibati cha mpagazi mara nyingi kilipotea pamoja naye porini.

Mnara wa Askari uliowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 wawataja wapagazi, lakini hauna majina yao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa juu ya jambo hili. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, walikufa katika vita ile bila kukumbukwa kwa majina yao, au bila kukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na Misri.

Mtu aweza kusema, "Wapagazi hawakujua kusoma." Wengi hawakujua, ni kweli. Lakini kosa si lao. Serikali zilizowachukua zilikuwa na makarani na kalamu. Zilihesabu mizigo na magunia ya unga. Zingeweza kuhifadhi na majina ya watu.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Heshima nayo ni mali. Wewe sasa wajua kusoma, basi fanya mambo matatu.

Kwanza, kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyepigana Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, mwombe akuonyeshe hati zake. Tazama kama jina limeandikwa namna moja katika kila karatasi.

Pili, toa nakala, uziweke mahali pengine, mbali na mchwa na maji. Usitegemee ofisi peke yake. Tarehe 12 Julai 1973, huko St. Louis, Marekani, moto uliteketeza faili za askari kati ya milioni 16 na 18. Aliyekuwa na karatasi yake nyumbani alipunguziwa taabu.

Tatu, andika daftarini majina ya watu wa ukoo wenu waliotumika, na mahali walipokwenda. Ikifika Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, yasome kwa sauti mbele ya watoto.

Maswali:

1. Kwa nini askari wa Mwanza walipewa ufagio?

2. Kibao cha motokaa na kibati cha mpagazi vyafanana kwa nini? Vyatofautiana kwa nini?

3. Andika jina kamili la mzee mmoja wa kwenu, na kazi aliyoifanya.