Mikono Inapokakamaa: Mazungumzo kuhusu Kalsiamu kwa Wanaolinda Wagonjwa



Leo nazungumza hasa na ninyi mnaolinda wagonjwa wodini. Nesi wa zamu ana vitanda vingi, lakini wewe una mgonjwa mmoja tu. Mara nyingi wewe ndiye wa kwanza kuona mabadiliko.

Kalsiamu ni madini. Mwili wa mtu mzima una kiasi cha kilo 1 hivi, na karibu yote, yaani sehemu 99 katika 100, imo ndani ya mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyobaki imo katika damu na nyama, nayo ina kazi kubwa: hufanya misuli ijikunje na kulegea, moyo upige, na damu igande mtu anapojikata. Ikipungua katika damu, au ikizidi, mgonjwa huwa hatarini.

Ikipungua, mgonjwa husikia ganzi na mchonyoto kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole. Kisha misuli hukaza. Mkono hupinda kwenye kiwiko cha kiganja, vidole vikabana pamoja, na mgonjwa hawezi kuvinyoosha. Hali ikizidi, koo hubana, au mgonjwa hupata degedege. Wapo wanaosema hapo kwamba mgonjwa amepandwa na pepo, wakamtoa wodini usiku. Tafadhali msifanye hivyo. Mwite nesi mara moja na umwonyeshe ule mkono, maana mkono wenyewe unamsaidia mganga kujua ugonjwa.

Ni wagonjwa gani hupatwa? Kwanza ni aliyepasuliwa tezi la shingo kwa sababu ya rovu. Nyuma ya tezi hilo kuna vitezi 4, kila kimoja kama punje ya mchele, vinavyotawala kalsiamu ya damu. Vikiguswa wakati wa upasuaji, kalsiamu huweza kushuka katika siku chache za mwanzo, kwa hiyo ganzi ya midomo kwa mgonjwa huyo si jambo la kungoja asubuhi. Wengine ni watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, watoto wenye matege, wagonjwa wa figo, na wale walioharisha muda mrefu. Hao wa kuharisha hupoteza pia madini ya magnesiamu. Magnesiamu ikiwa chini, hata ukimpa mtu kalsiamu nyingi haipandi vizuri, ndiyo maana mganga huweza kuanza na dawa nyingine mkashangaa.

Jambo jingine linalozua maneno ni kipimo cha damu. Mtoto mwenye utapiamlo, aliyevimba miguu, anaweza kuonekana kwenye karatasi kwamba kalsiamu yake iko chini, na mganga asimpe dawa. Hajamtupa. Sehemu ya kalsiamu husafiri katika damu ikiwa imeshikana na protini. Protini zikipungua, namba nayo hushuka, ingawa ile kalsiamu inayofanya kazi inaweza kuwa inatosha. Mganga anamtibu mtoto, siyo karatasi.

Sasa dawa yenyewe. Mgonjwa aliyekaza misuli au mwenye degedege la upungufu huu hupewa kalsiamu ya mshipa. Kwa mtu mzima kawaida ni mililita 10 za kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, polepole, kwa muda wa dakika 10 hivi, huku moyo ukiangaliwa. Ikiingia kwa haraka huweza kuvuruga mapigo ya moyo, hata kuusimamisha. Kwa hiyo msiguse kile kigurudumu cha dripu. Najua mnataka iishe mapema mgonjwa apumzike, lakini kwa dawa hii haraka inaua. Na mgonjwa akisema sindano inamchoma, au mkono ukianza kuvimba, ita nesi hapo hapo, kwa sababu dawa ikimwagika nje ya mshipa huozesha nyama.

Mwambie nesi pia dawa ambazo mgonjwa amepewa kwingine. Seftriaksoni haichanganywi na kalsiamu katika mpira mmoja, na kwa mtoto mchanga mwenye siku 28 au chini yake haitumiki kabisa ikiwa anapata au atahitaji kalsiamu ya mshipa.

Akina mama wenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti, dawa nzuri sana. Ikizidi, pumzi hufifia. Basi ukiona mama anavuta pumzi kwa shida au kwa nadra, piga kelele. Dawa ya kumwokoa ni hiyo hiyo kalsiamu ya mshipa.

Kuzidi kwa kalsiamu hakuonekani sana, ila kupo: kwa wenye saratani, wenye vile vitezi vya shingo vinavyofanya kazi kupita kiasi, na waliomeza au kudungwa vitamini D bila kipimo. Mgonjwa huwa na kiu, hukojoa sana, hufunga choo, hutapika, mwishowe huchanganyikiwa. Huyu hupewa maji ya chumvi ya mshipa kwa wingi. Msimletee vidonge vya mifupa kutoka sokoni.

Na nyumbani? Mahindi na maharagwe ya mgao yana kalsiamu kidogo. Dagaa, ambao wengine wenu mnawaita ndagala, waliwe pamoja na mifupa yao. Lengalenga nayo husaidia. Mtoto mchanga asifichwe ndani mchana kutwa, apate jua la asubuhi ngozi ikiwa wazi. Mama mjamzito aliyepewa vidonge vya kalsiamu asivimeze pamoja na vile vya kuongeza damu. Apitishe saa kadhaa katikati, kwa mfano kimoja asubuhi na kingine jioni.