Safari Moja, Nauli Mbili
Hotuba kwa watumiaji wa usafiri wa mjini



Tumealikwa kuzungumza nanyi tukiwa watafiti wa shahada ya uzamivu, tunaochunguza matumizi ya ardhi ya jiji la Dar es Salaam na mabadiliko ya usafiri wake. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kukaa vituoni na kuwauliza abiria wametoka wapi, wanakwenda wapi, na wamelipa mara ngapi. Swali hilo la tatu ndilo lililotuleta hapa.

Jiji hili lilikua likizifuata barabara zake kuu: Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Watu walijenga kandokando yake, nazo daladala, zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1983, zikawafuata. Leo makazi yameingia ndani mno, mahali ambapo basi halifiki. Mwezi Mei 2016 mwendokasi ulianza kazi kati ya Kimara na Kivukoni, na daladala zilizokuwa zikipita Barabara ya Morogoro kuelekea mjini zikapangiwa njia nyingine. Safari ya barabara kuu ilifupika, hilo hatulikatai. Hata hivyo, mkazi wa pembezoni aliyezoea gari moja sasa huenda akapanda bodaboda hadi kwenye lami, daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi. Kila anapobadili chombo, hulipa upya.

Mabadiliko hayo yamo katika mpango wa jiji. Yasiyo halali ni yale ya kukatisha ruti. Daladala huandikwa ubavuni na usoni majina ya vituo vyake viwili vya mwisho, na leseni yake huibana kufika huko. Jioni, foleni inapokaza, kondakta hutangaza katikati ya njia kwamba gari limefika mwisho. Abiria hushuka, na gari lilelile hugeuza na kupakia wengine.

Tupige hesabu. Mwezi Desemba 2023 nauli ya umbali usiozidi kilomita 10 ilipandishwa kutoka shilingi 500 hadi 600. Safari ya kilomita 18 ikikatwa vipande viwili, abiria hutoa 1,200, kiasi kinachozidi nauli halali ya safari nzima. Kwa mtu anayerudi na faida ndogo ya genge, tofauti hiyo ni unga wa usiku ule. Tumewaona wengi wakihesabu sarafu kiganjani, kisha wakaamua kutembea gizani.

Wengi wetu hushuka kimya. Nasi watafiti tumewahi kufanya hivyo, kwa uchovu tu. Lakini mlipokwisha kulipa nauli ya njia nzima, mna haki ya kufikishwa au kurudishiwa fedha. Daini tiketi mnapolipa, kwani ndiyo ushahidi wenu. Andikeni namba ya gari, ruti yake, mahali mliposhushwa na saa, kisha mtoe taarifa kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini au kwa askari wa usalama barabarani aliye karibu. Malalamiko yasiyo na namba ya gari ni vigumu kufuatiliwa.

Kuhusu bodaboda, patanani bei kabla ya kupanda, na msikubali kuondoka bila kofia ngumu.

Sasa tunakaribisha maswali, tukianza na waliokatishwa ruti wiki hii.