Meno ya Mtoto ni Amana kwa Mzazi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Mtukufu Muhammad s.a.w. Nimepewa jukumu la kusema machache juu ya meno ya watoto wetu wadogo. Huenda mtu akajiuliza: jambo hili linahusu nini msikiti?

Imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kwamba Mtume s.a.w. asingeliacha kuuamuru umati wake kupiga mswaki kwa kila Sala, isipokuwa alichelea kuwatia uzito. Tena Bibi Aisha r.a. amesimulia kwamba katika maradhi yake ya mwisho, Mtume s.a.w. aliutazama mswaki aliokuwa nao Abdur-Rahman bin Abu Bakr r.a. Bibi Aisha akautwaa, akautafuna hata ukalainika, kisha akampa, naye akapiga mswaki.

Ndugu zangu, tuuzingatie mkono ule wa Bibi Aisha. Asiye na nguvu ya kujilainishia mswaki hulainishiwa na ampendaye. Na mtoto mdogo ndivyo alivyo: hawezi peke yake.

Lakini sisi twafanyaje? Twapiga mswaki kabla ya Sala, na mtoto twamwacha alale na mabaki ya biskuti kinywani. Tukiulizwa twasema: hayo ni meno ya utoto, yatang'oka tu. Kauli hiyo imewaliza watoto wengi usiku. Meno ya utoto ni 20. Huanza kuota yapata miezi 6 na hutimia karibu na miaka 3. Baadhi ya magego hayo hukaa hadi miaka 10 au 12, nayo ndiyo yanayoyatunzia nafasi meno ya ukubwani. Zaidi ya hayo, yapata miaka 6, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya yale ya utoto bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hulidhania kuwa la utoto. Hilo likioza, halina badala yake.

Meno huoza kwa sababu vijidudu vya kinywani huigeuza sukari kuwa tindikali. Usiku mate hupungua, kwa hiyo chupa ya maziwa yenye sukari, au chai tamu wakati wa kulala, hudhuru kuliko vyote.

Basi tuanze jino la kwanza linapochomoza. Tumsafishe mtoto mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, na punje ya njegere kuanzia hapo hadi miaka 6. Mzazi asaidie kwa mkono wake mpaka mtoto afikie miaka 7 au 8. Na walimu wetu wa madrasa, zawadi ya mtoto aliyehifadhi sura iwe kalamu, isiwe pipi.

Liko jambo moja zito zaidi. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, wako wanaosema ana "meno ya plastiki", wakampeleka kwa mtu wa kuyachimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli. Ndugu zangu, kile kivimbe cheupe katika ufizi ni chonge lake la kawaida ambalo halijatoka. Kulichimbua huleta kutoka damu nyingi, pepopunda, hata virusi vya UKIMWI; na wako watoto waliokufa. Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi na apelekwe hospitali haraka.

Kila mmoja wetu ni mchungaji, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Usiku wa leo, kabla hatujalala, tuvitazame vinywa vya watoto wetu.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitimiza amana hii. Amin.

Wassalaam.