Mjumbe Hupimwa kwa Kazi, Si kwa Kelele

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika semina ya tawi)



Karibu tutaanza kazi ya kuchagua majina ya watu watakaosimama kwa niaba ya chama. Tayari twasikia maneno mitaani. Fulani anafaa kwa kuwa sauti yake yatikisa uwanja. Fulani hafai kwa kuwa ni mkimya, na tena amekaa kwenye kiti siku nyingi mno. Sisi twasema kwamba sauti si kipimo, wala wingi wa miaka peke yake si kipimo. Na kwa kuwa hatutaki kutaja majina ya hapa nyumbani na kuleta chuki kabla ya wakati, tumeona afadhali tuwaeleze habari za mjumbe mmoja wa nchi ya mbali, mtu mweusi aliyekaa katika mabaraza ya kutunga sheria kwa miaka 56 asishindwe uchaguzi hata mmoja.

Jina lake ni Augustus Freeman Hawkins. Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1907 katika mji wa Shreveport, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Baba yake, muuza dawa, aliitwa Nyanza, jina ambalo sisi watu wa pande hizi hatuhitaji kufasiriwa. Kule kusini mtu mweusi alikuwa na mahali pake pa kukaa, mlango wake wa kuingilia na shule yake mbovu. Jamaa hao wakahama, wakaenda Los Angeles, California, Augustus angali mtoto. Huko akasoma hata akamaliza chuo kikuu mwaka 1931, katika elimu ya uchumi, wakati ule ule dunia nzima ilipokuwa katika dhiki kubwa ya ukosefu wa kazi. Dhiki hiyo hakuisahau maisha yake yote.

Jambo moja zaidi lafaa lijulikane. Ngozi yake ilikuwa nyeupe hata wengi wasiomjua walimdhani Mzungu. Angaliweza kujipenyeza upande wa wenye nguvu, akala raha, akawaacha wenziwe. Hakufanya hivyo. Alisimama na watu wake mchana, mbele ya macho ya wote.

Sasa tueleze kazi. Marekani ni muungano wa majimbo, na kila jimbo lina baraza lake la kutunga sheria, mbali na Bunge la nchi nzima lililoko Washington. Mwaka 1934 Hawkins, kijana wa miaka 27, aligombea kiti katika baraza la California. Aliyekikalia kiti hicho alikuwa Frederick Roberts, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika baraza lile, naye alikuwa amekaa miaka 16. Kijana akamshinda mzee. Tazameni basi, ndugu zangu: huyu tunayemsifu kwa kukaa miaka mingi aliingia kwa kumtoa mwingine aliyekaa miaka mingi. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba hotuba hii ni ya kuwalinda wazee wasiguswe. Kiti ni cha watu. Aliye na kazi ya kuonyesha atakirudishiwa, asiye nayo atakiacha.

Katika baraza la California alikaa miaka 28, kuanzia 1935 hadi 1963. Alifanya nini? Alipigania nyumba za bei nafuu kwa maskini. Alipigania watumishi wa nyumbani, wapishi na wafuaji, walipwe fidia wanapoumia kazini kama wanavyolipwa watu wa viwandani. Lakini mfano mkubwa ni sheria ya kukataza ubaguzi katika kuajiri. Alipeleka mswada wake mwaka 1945, wakati wa vita, ambapo viwanda vya Los Angeles vilihitaji mikono lakini mkono mweusi ulipewa ufagio. Mswada ukakataliwa. Mwaka 1946 wananchi wa jimbo waliulizwa kwa kura, wengi wakasema hapana. Ukarudishwa, ukakataliwa tena. Baadaye akapata mwenzi katika baraza, William Byron Rumford, mtu mweusi mwingine, wakasukuma pamoja. Mwaka 1959 sheria ikapita na Gavana akaitia sahihi. Ilichukua miaka 14! Bandu bandu huisha gogo, lakini lazima awepo mtu wa kulishika shoka kila siku.

Hata ndani ya baraza lile hakupewa kila alichotaka. Aligombea kuwa Spika, akashindwa. Hakununa, wala hakukihama chama chake. Akapewa uenyekiti wa Kamati ya Kanuni, akaufanyia kazi.

Mwaka 1962 alichaguliwa kwenda Washington, akawa mtu mweusi wa kwanza kutoka California kuingia katika Bunge la nchi nzima. Huko nako akakaa miaka 28, hadi Januari 1991. Alifika wakati wa moto. Mwaka 1964 ilipotungwa Sheria ya Haki za Raia, Hawkins alikuwa miongoni mwa wale waliopigania sehemu yake ya saba, inayokataza ubaguzi katika kazi, na kuundwa kwa tume ya kuisimamia. Angalieni mwendo wake. Jambo lile lile alilolianza California mwaka 1945, sasa likawa sheria ya nchi nzima.

Lakini sheria kwenye karatasi si mkate mezani. Agosti 1965 mtaa wa Watts, uliomo katika sehemu yake ya uchaguzi, ulilipuka. Kwa siku sita watu walipigana na polisi, maduka yakachomwa, watu 34 wakafa. Wako waliosema kwamba mjumbe wao alikuwa mpole mno, hasikiki, hajulikani kwa vijana. Lawama hiyo hatuifichi, maana mjumbe asiyeonekana mtaani ana deni. Lakini alichoshikilia Hawkins ni hiki: chanzo ni kukosa kazi, shule mbovu na nyumba mbovu, na dawa yake si rungu la polisi bali ni kazi. Akaendelea kudai fedha za kufundisha vijana ufundi na kuwatafutia ajira.

Mwaka 1970 alitumwa pamoja na wajumbe wengine kuangalia mambo ya vita huko Vietnam ya Kusini. Yeye na mwenzake William Anderson hawakuridhika na matembezi waliyopangiwa. Walikwenda katika kisiwa cha Con Son, wakakuta wafungwa wamefungiwa katika vishimo vya saruji vilivyoitwa vizimba vya chui. Picha zikatolewa gazetini, dunia ikaona.

Yako mengine madogo kwa kutazama, makubwa kwa haki. Mwaka 1906 katika mji wa Brownsville, Texas, askari weusi 167 walifukuzwa jeshini kwa aibu, bila kuhukumiwa na mahakama yo yote, kwa kusingiziwa kuwa walipiga risasi mjini. Miaka 66 ilipita. Hawkins alilifufua jambo hilo, akalisukuma, na mwaka 1972 jeshi likawasafisha wote. Wengi walikuwa makaburini. Askari mmoja aliyekuwa hai, Dorsie Willis, ambaye maisha yake alikuwa amefanya kazi ya kung'arisha viatu, alilipwa dola 25,000. Hakuna kura nyingi za kuvuna kwa wafu 100 na zaidi. Mjumbe aliyefanya hivyo hakuwa akitafuta makofi.

Sasa tufike kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni jambo la kushinda nusu. Mwaka 1974 Hawkins alipeleka Bungeni mswada wa kazi kwa wote. Akaungana na Seneta Hubert Humphrey wa Minnesota. Maana ya mswada ule wa kwanza ilikuwa hii: kila mtu mzima anayeweza na anayetaka kufanya kazi ana haki ya kupata kazi, na makampuni yasipoitoa, Serikali iitoe. Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, alizunguka nchi akiupigania. Lakini matajiri na wataalamu wao wa uchumi wakasema bei za vitu zitapanda na hazina itafilisika. Mswada ukakatwa hapa, ukakatwa pale. Humphrey akafa Januari 1978. Oktoba mwaka huo Rais Carter alipoutia sahihi, haki ya kazi ilikuwa imekwisha kuondolewa. Kilichobaki ni shabaha: ukosefu wa kazi ushushwe hadi asilimia 4 ifikapo mwaka 1983, na Benki Kuu iende mbele ya Bunge mara mbili kwa mwaka kujieleza. Hakukuwa na adhabu kwa atakayeipuuza shabaha hiyo. Nayo ikapuuzwa: mwishoni mwa mwaka 1982 wasio na kazi walipita asilimia 10.

Je, Hawkins alishindwa? Hapa ndipo tunapotaka mjadala wenu. Sisi twaona hivi. Sheria ile haikumpa kazi mtu wa Watts, na tusidanganyane juu ya hilo. Lakini tangu hapo mkuu wa Benki Kuu alilazimika kusimama mbele ya wajumbe wa watu na kuulizwa habari za wasio na kazi, siyo habari za bei peke yake. Na Hawkins hakurudi nyumbani kulia. Mwaka 1984 akawa mwenyekiti wa Kamati ya Elimu na Kazi, na mwaka 1988 ikapita sheria yenye jina lake na la Robert Stafford, mtu wa chama cha upinzani, ya kuongeza msaada kwa shule za watoto wa maskini. Mwaka 1990 akaongoza mswada mpya wa haki za raia. Rais Bush akaukataa, na Seneti ikashindwa kumpinga Rais kwa upungufu wa kura moja tu. Mzee akastaafu Januari 1991. Novemba mwaka ule ule sheria ya namna hiyo ikapita. Yeye hayupo kitini, kazi yake ipo. Alikufa Novemba 2007, umri wake miaka 100.

Wenziwe walimwita Askari Mkimya. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba uongozi si mali ya wapiga ngoma na wapuliza mabaragumu, bali ni wa wale wanaofanya kazi kutwa kucha, masika na kiangazi.

Ndugu wanachama, tutakapokaa kuchagua majina, tusiulize nani anasema sana. Debe tupu haliachi kuvuma. Tumwulize kila mmoja maswali matatu. Umeleta jambo gani, na lilipokataliwa ulilirudisha mara ngapi? Ni nani uliyemtetea ambaye hakuwa na kura ya kukupa? Na uliposhinda nusu, ulituambia kweli kwamba ni nusu, au ulituchezea ngoma ya ushindi?

Na swali la nne ni letu wenyewe. Hawkins alirudishwa kila uchaguzi kwa sababu wako watu waliojipanga, mwaka hata mwaka, wakapiga kura. Mjumbe hata awe hodari, bila wanachama nyuma yake ni mtu mmoja chumbani. Basi tulipe ada zetu, tuhudhurie mikutano yetu, na tumwite mjumbe aje ajieleze mbele yetu.

Umoja ni nguvu.