Akili ni Amana: Khutba Juu ya Mimea na Uyoga Unaogeuza Akili

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemwumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akampa macho ya kuonea, masikio ya kusikilia, na akili ya kupambanulia baina ya lenye kumfaa na lenye kumdhuru. Tunashuhudia kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kuwa Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Ewe Mola wetu, mpe rehema na amani yeye, na aali zake, na sahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, pamoja na kuiusia nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani ucha Mungu ndio akiba isiyoharibika.

Ndugu zangu Waislamu, mlio hapa msikitini na nyinyi mnaotusikiliza majumbani. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alinijia kijana mwanafunzi, akangojea mpaka watu wakatoka. Akasema: "Sheikh, nimesoma kuwa uko uyoga ambao mtu akiula huona rangi na maumbo yasiyokuwapo, na huhisi kama pazia limefunuliwa mbele yake. Uyoga huo hauchachushwi kama tembo. Umeota wenyewe kwa mvua ya Mungu. Haukutajwa katika Qur'ani wala katika Hadithi. Basi kwa dalili gani utakuwa haramu?"

Nakiri mbele yenu kuwa ulimi wangu ulikuwa karibu kumkemea. Lakini nilimtazama usoni, nikaona kuwa hakuja kubishana. Nikamwuliza: "Mwanangu, waulizia nini hasa?" Akainamisha kichwa. Akaniambia kuwa dada yake ana miezi mingi hapati usingizi, hali akashiba, wala hazungumzi na mtu. Amekwisha pelekwa kwa mganga akafukizwa, asipone. Naye amesoma kuwa ng'ambo madaktari wanawatibu watu wa namna hiyo kwa uyoga, na yuko mtu aliyemwahidi kumletea.

Swali la kijana yule ndilo khutba yetu ya leo. Nalo lina sehemu tatu: vitu hivi ni nini, sheria inasemaje, na mgonjwa wetu afanyiwe nini.

Enyi Waislamu. Mwenyezi Mungu ameumba aina nyingi za uyoga. Upo wa kuliwa, upo wa sumu, na upo huu unaogeuza akili. Katika milima ya Oaxaca, nchini Meksiko, watu wa kabila la Wamazateki wanaujua tangu kale. Mtawa wa Kihispania, Bernardino de Sahagún, aliyeishi nchini humo katika karne ya 16, aliandika kuwa wenyeji waliula katika karamu zao wakaona njozi hali wako macho, wengine wakicheka na wengine wakilia.

Kwa Wamazateki uyoga ule haukuwa mchezo. Uliliwa usiku, mbele ya mtu mwenye kuujua, naye akiomba kwa saa nyingi. Na sababu aghalabu ilikuwa mgonjwa aliyeshindikana. Mwaka 1955 Mmarekani mmoja, Gordon Wasson, mkubwa katika benki ya New York, alifika katika mji wa Huautla, akakaribishwa katika kikao cha namna hiyo na bibi aitwaye María Sabina. Mwaka 1957 akaitangaza habari ile, pamoja na picha, katika gazeti la Marekani lililosomwa na mamilioni ya watu. Jina la bibi lilibadilishwa, lakini haukupita muda likajulikana. Vijana wa Marekani na Ulaya wakamiminika mji ule. Hawakuja na mgonjwa. Wengi walikuja kutafuta starehe. Mji ukavurugika, askari wakaletwa, watu wa mji wakamlaumu bibi yule, na nyumba yake ikachomwa moto. Alifariki mwaka 1985 hali ni maskini.

Sikuisimulia habari hii ili tuwacheke watu wale. Dini yao si dini yetu, na Mwislamu hatafuti shifaa kwa njia yao. Lakini tuwe waadilifu: hata wao walijua kuwa kitu chenye kushika akili ya mtu hakichezewi. Walioufanya uyoga ule kuwa mchezo ni wageni waliosoma magazeti. Na kijana wetu naye alikuwa amesoma.

Mwaka 1958 mwanakemia wa Uswisi, Albert Hofmann, alikipata ndani ya uyoga ule kile chenye kufanya kazi, kikaitwa silosibini. Kikiingia mwilini hugeuka kikawa silosini, ambayo umbile lake linafanana na serotonini, kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza ili seli za ubongo zipashane habari. Ni kama mgeni aliyepata ufunguo wa mwenye nyumba. Kwa saa kadhaa ubongo hupokea habari ambazo hazikutoka nje, na mtu huona na kusikia yasiyokuwapo. Wengine hufurahi; wengine hushikwa na hofu kubwa wakadhani wanakufa. Basi, ndugu zangu, hapana pazia la ghaibu lililofunuliwa. Ni ubongo wa mtu mwenyewe uliochafuliwa mpango wake.

Wala tusidhani kuwa mambo haya ni ya Meksiko tu. Hapa kwetu, penye majalala, kando ya njia na katikati ya mahindi, huota mnanaha: maua yake marefu kama tarumbeta, na tunda lake lina miiba na limejaa mbegu ndogo ndogo. Kazi yake si ile ya uyoga, nayo ni mbaya zaidi. Ndani yake mna atropini na skopolamini, ambazo huzizuia neva zisifikishe habari. Mwenye kuula hukauka kinywa, mboni za macho humpanuka, ngozi humwaka moto bila ya jasho, moyo humwenda mbio. Kisha akili humpotea, akazungumza na watu wasiokuwapo. Nguvu yake haiwi moja katika kila mmea, kwa hiyo hapana awezaye kujua kipimo chake kwa kuutazama. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, watu karibu 300 waliugua, na 5 wakafariki, baada ya kula unga wa msaada ulioingiwa na sumu ya aina hii. Wao hawakukusudia kulewa. Walikuwa na njaa.

Pamoja na hayo, atropini hiyo hiyo imo katika hospitali zetu. Daktari wa macho huitumia kupanua mboni, na aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu huokolewa kwayo. Tofauti ya sumu na dawa hapa ni ujuzi, kipimo na nia.

Sasa tuje katika sheria. Kijana alisema kuwa uyoga haukutajwa. Ni kweli jina lake halikutajwa. Lakini Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipanda mimbari ya Madina akaeleza vitu vilivyokuwa vikifanywa ulevi zama zile: zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, kisha akabainisha kuwa jina la ulevi ulioharamishwa linaenea kwa kila chenye kuifunika akili. Habari hii imo katika Sahihi ya Imamu Bukhari. Na katika mkusanyo wa Abu Daud imepokewa kwa Bibi Umm Salama kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza chenye kulevya na chenye kulegeza. Kwa hiyo hukumu haikufungwa katika jina la mmea, bali katika kile unachoifanyia akili.

Na swali hili si jipya. Katika karne ya 13 hashishi ilipoenea katika nchi za Sham na Misri, walitokea watu waliojinasibisha na ufakiri wakidai kuwa inawasaidia katika ibada. Wanavyuoni hawakunyamaza. Al-Qarafi wa Misri, aliyefariki mwaka 1285, alipambanua baina ya kinacholevya, kinacholaza na kinachoharibu akili. Az-Zarkashi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 1392, alitunga kitabu kizima juu ya uharamu wa hashishi. Walikhitalifiana katika adhabu yake na katika unajisi wake. Lakini kuiondoa akili kwa makusudi, bila ya haja iliyokubaliwa na sheria, hawakukuhalalisha.

Na wale wanaodai kuwa kwa uyoga watamkaribia Mola wao, tuwakumbushe Sura ya Nne, aya ya 43, iliyoteremshwa kabla ulevi haujaharamishwa moja kwa moja. Mle Mwenyezi Mungu amewakataza waumini kuikaribia sala nao wamelewa, mpaka wayajue wanayoyasema. Dini inayotaka mtu ajue neno analolitamka mbele ya Mola wake haiwezi kumtaka amtafute Mola huyo kwa kuipoteza akili. Mtume wetu alipokea wahyi hali akili yake ni timamu kuliko ya mtu yeyote. Mwendawazimu ameondolewa kalamu kwa rehema. Atakayejitia wazimu kwa mkono wake, hoja yake ni ipi?

Enyi Waislamu. Imebaki sehemu ya tatu, nayo ndiyo iliyomtoa kijana machozi. Sheria haikumwacha mgonjwa. Mtume alituhimiza kutafuta dawa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alizungumzia mtu ambaye mkono wake unaliwa na ugonjwa, ikahitajika kuukata, naye hawezi kuvumilia ila apewe kitu cha kumwondolea akili kwa muda. Akasema kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa inajuzu. Kwa msingi huo twalala leo juu ya vitanda vya upasuaji bila ya dhambi.

Na yale aliyoyasoma kijana si uwongo mtupu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliiweka silosibini katika daraja la vitu vinavyodhibitiwa kwa ukali kabisa. Lakini uchunguzi umerudi. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitangaza habari za wagonjwa 51 wa saratani waliopewa silosibini, ambao wengi wao huzuni na hofu viliwapungua. Na tangu Julai 2023 nchi ya Australia imewaruhusu madaktari maalumu wa akili kuitumia kwa wagonjwa wa huzuni kubwa ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwasaidia.

Lakini tazameni inavyofanywa. Mgonjwa huchunguzwa kwanza. Na kwa kawaida mwenye wazimu katika ukoo wake hukataliwa, kwa kuhofiwa kuwa usije ukaamshwa kwake pia. Kipimo hujulikana, na wataalamu hukaa naye mpaka akili imrudie. Je, hayo yanafanana na uyoga uliofungwa katika karatasi, ulioletwa na mtu ambaye hata hajui ulichumwa wapi? Uko uyoga wa sumu ambao mwenye kuula hahisi kitu kwa saa sita au zaidi. Kisha huanza kutapika na kuharisha, na huku ini lake limekwisha kuharibika.

Nilimwambia kijana: "Mwanangu, usimpe dada yako kitu usichokijua. Huenda ukamfungulia mlango usioweza kuufunga. Mpeleke hospitali, kwa daktari wa maradhi ya akili, wala usione haya." Akanijibu neno ambalo bado linanichoma: "Sheikh, nyumbani wanasema tukimpeleka huko hataolewa."

Ndugu zangu, hili ndilo jambo la kulia. Tumewatia hofu wagonjwa wetu kwa maneno yetu, wakaukimbia mlango wa daktari na kuuendea mlango wa mwuza uyoga. Mwenye homa humletea uji; mwenye huzuni humwita mpungufu wa imani. Nabii Yaakub, amani imshukie, alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Nani atathubutu kumwambia kuwa hakuwa na imani?

Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mungu, mcheni Mola wenu.

Enyi wazazi, wasikilizeni watoto wenu kabla hamjawakemea. Swali lililofukuzwa nyumbani hutafuta jibu mtaani. Enyi wanafunzi, someni mjue, lakini msifanye miili yenu kuwa mahali pa kujaribia yale mliyoyasoma. Enyi wakulima, ung'oeni mnanaha katika mahindi kabla haujatoa mbegu, na pepeteni nafaka zenu vyema. Na akila mtoto mbegu zake, msingoje apoe, wala msimpeleke kufukizwa. Mkimbizeni hospitali saa ile ile, na mchukue tawi la mmea wenyewe ili daktari aujue.

Mtauliza habari za dada wa kijana yule. Alipelekwa hospitali, akapewa dawa, na kila mwezi hurudi kwa daktari wake. Sisemi kuwa amekwisha pona. Nasema kuwa sasa anapata usingizi, na kwamba mwezi wa Ramadhani uliopita alikaa jikoni na mama yake wakapika futari pamoja.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie akili zetu kama ulivyotupa. Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu wa mwili na wa nafsi, na uwape subira wanaowauguza. Waongoze vijana wetu, na uwaepushe na kila chenye kuwapotezea dini yao na akili zao. Wasamehe wazazi wetu na Waislamu wote, wake kwa waume, walio hai na waliokufa. Ewe Mola wetu, tupe mema duniani na mema Akhera, na utukinge na adhabu ya Moto.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu atakukumbukeni. Simamisheni sala.