Mbwa wa Santuri Kwenye Blauzi
(Maneno ya mwanachama siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi)



Awali ya yote, hongereni kwa kufikisha miaka kumi. Kamati imenipa dakika chache niseme juu ya kazi za mikono. Nimechagua akina mama wa mbali, Waguna wa nchi ya Panama, kwa sababu jambo lililo mbele yetu, yaani kuuza vitambaa vyetu kwa pamoja, wenzetu wamelipitia.

Waguna wengi wanaishi Guna Yala, zamani ikiitwa San Blas, kwenye visiwa vidogo vya bahari ya Karibi. Mwanamke wa pale huvaa blauzi yenye kipande cha urembo kifuani na kingine mgongoni. Kipande hicho ndicho mola. Fundi anapanga vitambaa vya rangi mbalimbali kimoja juu ya kingine, anakata cha juu kufuata mchoro, anakunja kingo na kuzishona kwa mkono, mishono midogo midogo, mpaka rangi ya chini itokeze. Mola nzuri huchukua wiki kadhaa.

Michoro ya zamani ilitokana na ile waliyojipaka mwilini. Lakini jamani, mama hawa hawakuishia hapo! Mashua kutoka Kolombia zilikuja kununua nazi, zikaleta bidhaa za dukani: makopo, viberiti, chupa. Mama aliona picha kwenye lebo, ikampendeza, akaikata kwenye kitambaa. Maarufu ni yule mbwa wa kampuni ya Victor anayesikiliza santuri. Hata herufi za lebo zilishonwa kama maua, nyingine zimegeuka nyuma mbele, maana mshonaji alifuata umbo, si maana.

Mtu atauliza, huo si wizi? Mimi nasema hapana. Mama hakuuza kiberiti kwa jina la mwenye kiwanda. Alichukua picha ya kutupwa na kasha, akaipa rangi zake na jasho lake. Sisi tunaovaa kanga tunaelewa: korosho ikiingia kwenye nguo si korosho tu tena.

Na mola si mapambo tu. Serikali ya Panama ilipojaribu kuwalazimisha Waguna waache mila zao, vazi la wanawake likiwemo, waliasi mwezi Februari 1925, na mapatano yakafanyika Machi mwaka huo huo. Kwa hiyo mwanamke akivaa mola, amevaa na historia.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 2019 kampuni ya Nike ilitangaza viatu vyenye michoro ya mola, ikaviita vya Puerto Rico. Waguna hawakuombwa ruhusa wala kutajwa. Walilalamika kwa sauti moja, na viatu vikaondolewa kabla ya kuuzwa. Walikuwa na pa kusimamia: Sheria namba 20 ya mwaka 2000 ya Panama inalinda sanaa za wenyeji asilia kama mali ya jamii nzima. Tena tangu miaka ya 1960 washonaji walikuwa na ushirika wao wa kuuza mola, wenye matawi visiwani.

Wanachama wenzangu, mama mmoja mwenye sindano hasikiki mbali. Leo kila mmoja wetu anamuuzia mchuuzi peke yake, naye mchuuzi ndiye anayepanga bei na kusema kazi ni ya nani. Naomba katika mkutano ujao tukubali mambo matatu: bei moja, alama moja ya kikundi kwenye kila kitambaa, na sehemu ya faida iingie kwenye sanduku letu. Michoro tuchukue popote macho yanapoona uzuri, ila kazi iwe yetu na ijulikane kuwa yetu.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.