Samaki wa Mwisho wa Msimu na Uamuzi wa Marafiki Mtoni

Mazungumzo haya yameandaliwa kwa vikundi vya vijana wanaovua kwa ndoana, vyama vya watumizi wa maji na vilabu vya mazingira shuleni. Yanachapishwa hapa yote ili waliokosa nafasi ya kuyasikiliza wapate kuyasoma.



Wakati wa mapumziko, si ajabu kuona vijana wawili au watatu wakiteremka kwenye Gura, Sagana au Thego wakiwa na fimbo, mshipi na chakula kidogo cha mchana. Huo ni mchezo mzuri. Unawapa vijana utulivu, unawafundisha kusoma maji, na samaki akipatikana nyumba inapata kitoweo. Mazungumzo haya hayakuja kuwazuia. Yanahusu swali moja tu: samaki akishanaswa, nani anaamua kama atarudi majini au atapelekwa nyumbani?

Sheria inaamua sehemu yake, na afisa wa uvuvi anaamua sehemu yake. Lakini mito ni mirefu na maafisa ni wachache. Mara nyingi uamuzi huwa wa marafiki waliosimama pamoja ukingoni, bila mtu mwingine wa kuwaona. Nchi iliyojifunza uzito wa uamuzi huo ni Uskoti, na mito ya Nyeri ina undugu wa kweli na nchi hiyo.

Undugu wa samaki

Trauti hakuwa samaki wa asili wa mito inayotoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Mwaka 1905, Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na kuwatia katika mto Gura. Mwaka 1910 akaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, ambaye asili yake ni mito inayoelekea bahari ya Pasifiki huko Amerika Kaskazini.

Wote wawili ni wa ukoo wa samoni. Trauti wa kahawia ni ndugu wa karibu wa samoni wa Atlantiki, yule anayevuliwa katika mito ya Uskoti. Trauti wa upinde wa mvua yuko karibu zaidi na samoni wa Pasifiki. Kwa hiyo anayetaka kumwelewa samaki wa Gura hatakosea akianza na samoni.

Safari ya samoni

Samoni wa Atlantiki huzaliwa katika maji matamu, juu mtoni, ambako maji ni baridi na chini kuna kokoto safi. Huishi hapo akiwa mdogo kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha huteremka baharini. Wengine hufika mpaka maji ya Greenland, ambako hula na kunenepa. Baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi, hurudi. Akikaribia pwani, harufu ya maji humsaidia kuutambua mto aliozaliwa, naye huupanda akiruka maporomoko.

Jambo la kushangaza ni kwamba akiingia mtoni huacha kula. Safari yote ya kupanda, na kazi yote ya kuzaa, anaifanya kwa akiba ya mafuta aliyotoka nayo baharini. Kadiri wiki zinavyopita, rangi yake ya fedha hufifia na kuwa ya shaba au nyekundu. Dume huota taya lililopinda kama ndoana. Mwisho wa mwaka unapokaribia, jike huchimba kiota kwenye kokoto kwa mkia wake, hutaga maelfu ya mayai, dume huyarutubisha, na jike huyafunika. Samoni wa Pasifiki hufa baada ya hapo. Wa Atlantiki wengi hufa pia, lakini baadhi huteremka tena baharini na wanaweza kurudi kuzaa mara nyingine.

Sasa fikirini maana ya kuvua mwishoni mwa msimu. Samaki anayenaswa wakati huo amekwisha kula njaa kwa miezi, nyama yake imepungua mafuta na ladha, lakini tumbo lake limejaa mayai. Kwa mpishi thamani yake imeshuka. Kwa mto, hajawahi kuwa na thamani kubwa kuliko wakati huo.

Oktoba 1922

Uvuvi wa mwisho wa msimu una mvuto wake. Maji huwa yameongezeka kwa mvua, samaki wakubwa wamepanda, na kila mvuvi anajua kwamba siku zilizobaki ni chache. Katika mto Tay, msimu hufungwa tarehe 15 Oktoba. Katika mto Spey hufungwa tarehe 30 Septemba, na Tweed huendelea hadi tarehe 30 Novemba. Siku ya Jumapili hakuna anayeruhusiwa kuvua samoni katika mto wowote wa Uskoti.

Jioni ya tarehe 7 Oktoba 1922, Georgina Ballantine alikuwa ndani ya mashua kwenye mto Tay pamoja na baba yake, karibu na kijiji cha Caputh. Alimnasa samoni ambaye alipigana naye kwa zaidi ya saa mbili, huku baba yake akiiongoza mashua gizani. Samaki huyo alikuwa na uzito wa ratili 64, yaani karibu kilo 29. Mpaka leo hakuna samoni mkubwa zaidi aliyethibitishwa kuvuliwa kwa fimbo katika Uingereza yote. Alipelekwa hospitali ya mji wa Perth akawa kitoweo cha wagonjwa na wafanyakazi.

Hakuna wa kumlaumu Bi. Ballantine. Wakati huo samoni walionekana kuwa wengi kuliko watu wangeweza kuwamaliza, na kumgawia mgonjwa chakula ni jambo jema. Lakini miaka mia moja baadaye hali ni tofauti kabisa. Mwaka 2023, idadi ya samoni walionaswa kwa fimbo Uskoti ilikuwa ndogo kuliko mwaka wowote uliotangulia tangu hesabu hizo zianze kuwekwa mwaka 1952. Desemba ya mwaka huo, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba samoni wa kisiwa cha Britania yuko katika hatari ya kutoweka. Sababu ni nyingi: bahari inapata joto, mabwawa yamekatiza njia, maji yamechafuliwa, na ufugaji wa samoni baharini umeleta chawa wa samaki na magonjwa.

Kilichobadilika ukingoni

Mvuvi mwenye fimbo hawezi kupoza bahari. Anachoweza ni kuamua juu ya samaki aliye mkononi mwake. Tangu 2002 ni marufuku Uskoti kuuza samoni aliyevuliwa kwa fimbo, ili asiwepo anayevua kwa tamaa ya fedha. Tangu 2016 mito hupangwa kwa madaraja kila mwaka kulingana na hali ya samaki wake, na katika mito dhaifu kila samoni lazima arudishwe majini.

Hata hivyo, sheria hiyo iliwakuta wavuvi wakiwa wamekwisha kuanza. Katika mito mingi walikubaliana wenyewe, kundi kwa kundi, kwamba jike mwenye mayai asiguswe na kwamba samaki wa mwisho wa msimu aachwe apande. Leo zaidi ya samoni tisini katika kila mia wanaonaswa kwa fimbo hurudishwa wakiwa hai. Jambo kama hilo haliwezekani kwa nguvu ya askari peke yake. Linawezekana pale ambapo mtu anayebeba jike mwenye mayai anaona haya mbele ya rafiki zake.

Somo la ningu

Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Kenya ina samaki wake wa asili anayepanda mito kuzaa. Ni ningu wa Ziwa Victoria. Mvua zikinyesha na mito kufurika, ningu hutoka ziwani na kupanda Nzoia, Nyando, Sondu na mito mingine kutafuta mahali pa kutaga. Wakazi wa kando ya mito hiyo walimjua kwa vizazi vingi, na msimu wake ulikuwa msimu wa shibe.

Mwaka ule ule wa 1905 ambao trauti aliletwa Gura, nyavu mpya zilianza kutumika katika ghuba ya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Ni zile zinazosimamishwa majini na kumkaba samaki kwenye matamvua. Baadaye nyavu hizo zilitegwa kwenye midomo ya mito, wakati ningu wenye mayai wakikusanyika kupanda. Samaki walikamatwa kabla ya kuzaa, mwaka baada ya mwaka. Kufikia miaka ya 1960, wataalamu walikuwa wanaandika jinsi uvuvi wa ningu ulivyoporomoka. Ningu hakutoweka kabisa, lakini ile neema ya zamani haijarudi mpaka leo.

Uskoti na Nzoia zinatoa somo moja. Samaki anayekwenda kuzaa hupitia njia nyembamba kwa wakati unaojulikana. Ni rahisi sana kumkamata, na kwa sababu hiyo ndiyo anahitaji watu wa kumwachia njia.

Mito ya Nyeri

Trauti wa Gura na Sagana haendi baharini, lakini tabia ya kuzaa ni ile ile. Anahitaji maji baridi yenye hewa na kokoto isiyofunikwa na tope. Jike huchimba kiota kwa mkia kama samoni. Shamba likilimwa mpaka ukingoni, udongo huingia mtoni, hujaza nafasi kati ya kokoto, na mayai hukosa hewa. Miti ya ukingoni ikikatwa, jua hupasha maji joto. Wakati wa kiangazi, maji yakipungua na mifereji mingi ikichota, trauti hukusanyika katika vidimbwi vichache. Hapo kijana mmoja anaweza kuwamaliza kwa siku mbili na kujiona hodari, kumbe mwaka unaofuata rafiki zake watakuta mto mtupu.

Ikumbukwe pia kwamba trauti ni mgeni anayekula wadudu wa majini na samaki wadogo. Asihamishwe na mtu yeyote kupelekwa kwenye mto au bwawa ambalo hayumo. Kazi hiyo ni ya wataalamu.

Mambo ya kukubaliana kabla ya kushuka mtoni

Kwanza, pateni leseni na maelezo kutoka ofisi ya uvuvi. Ndani ya hifadhi na misitu kuna kanuni za ziada, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuingia.

Pili, semeni idadi kabla ya kutia ndoana majini. Marafiki watatu wakikubaliana kwamba kila mmoja atapeleka nyumbani samaki mmoja, ni rahisi kulitimiza. Kukubaliana baada ya samaki kunaswa ni vigumu.

Tatu, samaki mwenye tumbo lililojaa, au anayetoa mayai au maji meupe akishikwa, arudishwe mara moja.

Nne, tumieni ndoana iliyobanwa kijino chake kwa koleo, ili itoke bila kuchana. Loweni mikono kabla ya kumshika samaki, kwa sababu mkono mkavu huondoa ute unaomkinga na magonjwa. Mwacheni ndani ya maji mnapotoa ndoana. Mshikeni kichwa kikielekea mkondo unakotoka mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe. Picha ikitakiwa, kamera iwe tayari kwanza, na samaki atoke majini kwa sekunde chache tu.

Tano, maji yakipata joto mchana wa kiangazi, pumzikeni. Maji ya joto hushika hewa kidogo, na samaki aliyechoka anaweza kufa hata baada ya kuachiliwa.

Sita, asivue mtu peke yake. Gura ina kasi, na mvua ya mlimani hujaza mto hata pale ambapo chini kuna jua. Anayevuka ashike fimbo ya kujiegemeza, atazame maji yanakotoka, na mwenzake awe ukingoni anamwangalia. Maji yakianza kubadilika rangi, tokeni wote bila kubishana.

Mwisho, sumu na nyavu mtoni ni hatia, na zinaua hata samaki wadogo ambao hawajazaa mara moja. Anayeziona atoe taarifa kwa chifu au ofisi ya uvuvi.

Wazee husema haba na haba hujaza kibaba. Mto nao hujazwa hivyo, jike mmoja akiachwa leo na mwingine kesho. Vijana wanaoshuka Sagana mwaka huu ndio wanaoamua kama wadogo zao watashuka huko na fimbo au watasimuliwa tu.